Bunduki ya Mabaka na Jicho la Bata Mzinga

Swali lenyewe linachekesha kidogo: ukienda kuwinda bata mzinga, kuna haja gani ya bunduki yako kupakwa mabakamabaka ya majani na magome ya miti? Marekani watu wazima wanabishana juu ya jambo hili kila majira ya machipuko yanapokaribia, na wapo wanaolipa pesa ya ziada dukani ili wapate bunduki ya namna hiyo. Nilipoanza kulifuatilia nilidhani ni ubishi wa wenye muda wa kupoteza. Kumbe nyuma yake kuna zaidi ya miaka 100 ya ugomvi wa wachoraji, wanajeshi na rais mmoja mstaafu aliyeshuka melini Mombasa. Na mwisho wake si mzaha hata kidogo, kwa sababu unamhusu mtu anayeweza kupigwa risasi kwa kosa la kujificha vizuri mno.

Twende taratibu, tuanze na ndege mwenyewe.

Sisi tunamjua bata mzinga wa kufugwa, yule mzito anayejitutumua uani na kuwakimbiza watoto. Wa porini, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, ni kiumbe kingine kabisa. Anakimbia kwa kasi, anaruka, usiku analala juu ya miti, na anashtuka kwa jambo dogo. Jina lake limevurugwa tangu mwanzo. Waingereza walimpa jina la Uturuki kwa sababu walimchanganya na kanga, ndege wetu wa Afrika, ambaye kwao alihusishwa na biashara ya Waturuki. Waturuki nao wanamwita kwa jina la India, Wareno wanamwita kwa jina la Peru. Hata jina lake la kisayansi, Meleagris, ni neno la Kigiriki lililokuwa la kanga. Yaani huyu ni ndege ambaye watu wamekuwa wakimdhania kuwa kitu kingine kwa miaka mingi.

Uwindaji wake mkuu ni wa majira ya machipuko. Alfajiri dume hulia kutoka kwenye mti aliolala, akiwaita majike. Kwa kawaida jike ndiye anayemfuata dume. Mwindaji anataka kuigeuza desturi hiyo: anakaa chini, mgongo kwenye shina la mti, anaiga sauti ya jike na kumvuta dume aje kwake. Wenyeji wa Amerika walifanya hivyo zamani sana, wakitumia vipenga vilivyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la bata mzinga mwenyewe. Mwindaji wa leo anatumia shotigani, bunduki ya marisau, na marisau hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali. Kwa hiyo anasubiri mpaka ndege afike karibu, kiasi cha mita 35 hivi, ndipo alenge kichwa na shingo.

Hapo ndipo bunduki inapoingia kwenye ubishi. Mwili wa mwindaji unaweza kutulia kama gogo kwa saa nzima, lakini bunduki lazima isogee. Ina urefu wa zaidi ya mita moja, imenyooka kuliko karibu kila kitu kilichopo msituni, iko mbele ya uso, na ndicho kitu pekee ambacho lazima kiinuliwe wakati ndege keshafika karibu na anaangalia.

Sasa tuwaangalie wazee walifanyaje. Kitabu kimoja cha zamani kinachoheshimika sana juu ya uwindaji huu kilitoka mwaka 1914 kwa jina la Edward A. McIlhenny wa Louisiana, lakini sehemu kubwa ilitokana na maandishi ya mwindaji aliyeitwa Charles L. Jordan, ambaye aliuawa na jangili mwaka 1909. Jordan alitumia maisha yake akifuata bata mzinga, na alikufa kabla neno lenyewe la camouflage halijazoeleka katika Kiingereza. Neno hilo ni la Kifaransa na Waingereza walilichukua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Maana yake ni kwamba kizazi kizima cha mabingwa wa uwindaji huu kilifanya kazi bila nguo za mabaka na bila bunduki ya mabaka. Mtu akikwambia bila rangi hizo huwezi kumpata bata mzinga, huo ni ushahidi wa kwanza dhidi yake.

Ubishi juu ya rangi na kujificha ulikuwa umeanza kabla ya vita, na aliyeuwasha alikuwa mchoraji. Abbott Thayer wa New Hampshire alichapisha mwaka 1896 makala kuhusu jambo ambalo wachoraji wenzake walilitumia kila siku bila kufikiria maana yake kwa wanyama. Kitu cha mviringo kikipigwa na jua kutoka juu, mgongo wake unang'aa na tumbo linaingia kivulini, na kivuli hicho ndicho kinachokujulisha kwamba kina umbo. Wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Thayer akasema rangi hiyo inakifuta kivuli, mnyama anaonekana bapa, na jicho linampita tu. Hapo alipatia, na wanasayansi mpaka leo wanalichukulia jambo hilo kwa uzito.

Tatizo ni kwamba hakujua pa kusimama. Mwaka 1909 kilitoka kitabu kilichoandikwa na mwanawe Gerald kwa mawazo ya baba, kikidai kwamba karibu rangi zote za wanyama ni za kujificha. Eti tausi na madoido yake yote anajificha kwenye majani. Eti heroe ni wa waridi ili apotee kwenye anga la mapambazuko na machweo. Msomaji aliyewahi kuona heroe Ziwa Natron au Nakuru, wakiwa kundi zima mchana kweupe, anaweza kulitolea hukumu dai hilo mwenyewe.

Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa na kupanda treni kwenda bara. Alikuwa ametoka madarakani wiki chache tu kabla. Alikuwa pia anamjua bata mzinga: Novemba 1906, akiwa bado rais, alishinda porini Virginia siku kadhaa akimtafuta, na akapata mmoja. Afrika Mashariki aliua wanyama wengi mno, na hilo ni la mjadala mwingine. Lakini alikuwa na jicho la kuangalia, na alichokiona kwenye mbuga za Kenya hakikulingana na kitabu cha Thayer. Pundamilia na twiga walionekana kutoka mbali. Hawakuwa na habari ya kujificha. Walitegemea macho yao, masikio yao na miguu yao. Aliandika hayo mwishoni mwa kitabu chake cha safari mwaka 1910, na mwaka uliofuata akatoa makala ya zaidi ya kurasa 100 katika jarida la makumbusho ya New York akimbomoa Thayer hoja kwa hoja.

Nani alishinda? Wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Thayer aligundua kanuni ya kweli kisha akaivuta mpaka ikakatika. Roosevelt aliona upungufu wake, ingawa naye alikuwa mwepesi wa kudharau. Kwa swali letu la bunduki, ugomvi wao unatuachia jambo moja la maana: kabla ya kusema rangi fulani inaficha, lazima uulize inamficha nani, wapi, na akiwa anafanya nini. Rangi yenyewe haina kazi mpaka kuwe na jicho linaloitazama.

Vita ikalichukua somo hilo kutoka kwa wachoraji. Mwaka 1915 Wafaransa waliunda kikosi cha kuficha silaha chini ya mchoraji Guirand de Scévola, na kazi yao ilihusu hasa mizinga: kuifunika kwa turubai zilizochorwa na kuipaka rangi ili isitambulike kutoka angani. Miaka 25 baadaye, vita vya pili vilipoanza, mwanazoolojia Mwingereza Hugh Cott alilichukua wazo la Thayer likiwa limechujwa. Mwaka 1940 alipewa nafasi ya kupaka rangi mzinga mkubwa wa pwani uliokaa juu ya reli, na mwingine kama huo ukapakwa kwa mtindo uliozoeleka wa mabakamabaka. Cott hakuuchorea majani. Aliupaka rangi nzito juu na kuififisha kuelekea chini, ili kivuli cha mviringo kifutike. Picha zilipopigwa kutoka kwenye ndege, mzinga wa mabaka ulionekana waziwazi, wa Cott ukawa karibu hauonekani. Jeshi likaendelea na mabaka yake vilevile, na Cott akajitoa kwenye kamati.

Kisa hicho nakirudia kila ninapotazama tangazo la shotigani ya mabaka. Mtutu ni bomba. Ukiubandika picha nzuri ya majani kuuzunguka wote, kivuli cha bomba kinabaki chini yake, na mstari ulionyooka unabaki palepale. Kwa mtu aliyesimama dukani inaonekana kama majani. Kwa jicho linaloangalia umbo, bado ni bomba lenye picha ya majani.

Picha hizo ziliingiaje kwenye bunduki? Mwaka 1942 Wamarekani waliokuwa wakipigana kwenye visiwa vya Pasifiki walipewa sare za madoa ya kijani na kahawia, zilizobuniwa na Norvell Gillespie, mtu wa bustani na mhariri wa kurasa za bustani. Vita ilipokwisha, nguo zilizobaki ziliuzwa kwa raia, wawindaji wa bata wakazipenda, na mtindo ule ukaishia kuitwa kwa jina la wawindaji wa bata. Kwetu Tanzania raia akivaa mabaka ya jeshi anatafuta matatizo. Kule mabaka yalihama kambini yakawa nguo ya Jumamosi.

Halafu mwaka 1980 Jim Crumley wa Virginia alianza kuuza nguo zenye mchoro wa gome la mti, akiziita Trebark. Mwaka 1986 Bill Jordan wa Georgia akaja na Realtree, na mwaka huohuo Toxey Haas wa Mississippi akaanzisha Mossy Oak. Kutoka nguo mabaka yakahamia kwenye kofia, glovu, viti, magari na bunduki. Kwa bunduki mbinu iliyoenea ni kuchapa picha kwenye filamu nyembamba, kuielekeza filamu juu ya maji, kuinyunyizia dawa ya kuilainisha, kisha kukizamisha kipande cha bunduki taratibu mpaka picha ikikumbatie pande zote. Kazi nzuri, na inapendeza. Swali ni nani anayeipenda.

Basi tumuulize ndege. Jicho la bata mzinga si kama la kwetu. Sisi tuna aina tatu za chembe za kuonea rangi. Yeye ana nne, na ya nne inaipokea rangi ya zambarau ya mbali inayogusa mwanga ambao sisi hatuuoni. Rangi ambayo kwako inafanana na jani si lazima kwake ifanane. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo bila hata kugeuka anaona sehemu kubwa ya mazingira yake, na akigeuza shingo kidogo anamaliza duara. Anachokosa ni kipimo kizuri cha umbali, ndiyo maana anasogeza kichwa mbele na nyuma akitembea. Na kitu anachokidaka haraka kuliko vyote ni mwendo.

Ukiyaweka hayo pamoja, jibu linajitokeza lenyewe. Adui wa kwanza wa mwindaji ni kusogea. Wa pili ni mng'aro: chuma kilichosuguliwa na mbao zenye vanishi hurudisha jua la asubuhi kama kioo, na bunduki ikisogea mng'aro nao unasogea. Wa tatu ni rangi inayopiga kelele. Picha ya majani yenyewe inakuja baadaye sana. Bunduki ya mabaka inasaidia, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya msaada wake ni kwamba haing'ai. Shotigani nyeusi iliyofifishwa, au ya zamani iliyozungushiwa utepe wa kitambaa, inafanya kazi karibu ileile kwa bei ndogo. Na mwindaji anayejua kazi haegemei rangi. Anaiweka bunduki juu ya goti mapema, ikielekea pale anapomtarajia ndege. Ikibidi kuisogeza, anangoja kichwa cha ndege kipite nyuma ya mti, au dume ageuke akiwa ametandaza mkia na mkia huo umkinge macho. Hapo anapata sekunde moja au mbili, na zinatosha. Mchoro wa dukani haukupi sekunde hizo.

Wanaotetea mabaka wana hoja, nisiwadharau. Wanasema ndege anayewindwa kila mwaka huwa mwangalifu zaidi, na kila kitu kidogo kina mchango. Inawezekana. Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa porini alikuwa anakwisha. Misitu ilikatwa, nyama yake iliuzwa sokoni, na kufikia mwaka 1920 alikuwa ametoweka katika majimbo 18 kati ya 39 aliyokuwa akiishi. Waliomrudisha walijaribu kwanza kufuga na kuachia, ikashindikana, kwa sababu wa kufugwa hakujua kuishi msituni. Kilichofaulu ni kumkamata wa porini kwa wavu unaorushwa na vimizinga, mbinu iliyotumika kwake South Carolina mwaka 1951, na kumhamishia msitu mwingine. Bata mzinga akaokolewa na mzinga, Kiswahili kinajichekea chenyewe. Leo idadi yao ni mamilioni. Sehemu ya fedha za kazi hiyo imetokana na sheria ya mwaka 1937 inayotoza kodi bunduki na risasi kwa ajili ya wanyamapori. Kwa bunduki ndefu leo ni asilimia 11. Kwa hiyo anayenunua shotigani ya mabaka, hata kama mabaka hayamdanganyi ndege, anamchangia ndege huyohuyo makazi. Ni msaada wa ajabu, ila upo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jicho la pili msituni ambalo hatujaliuliza.

Mwindaji wa swala na kulungu kule Marekani, katika majimbo mengi, analazimika kuvaa rangi kali ya chungwa. Wanyama hao hawaioni vizuri, ila binadamu anaiona kutoka mbali. Bata mzinga anaiona. Ndiyo maana majimbo mengi hayamlazimishi mwindaji wa machipuko kuivaa. Matokeo yake fikiria mwenyewe. Kuna mtu kwenye kichaka, amejifunika kuanzia uso mpaka vidole, anatoa sauti ya jike wa bata mzinga. Ng'ambo ya kilima kuna mtu mwingine, amejifunika vilevile, anaisikia sauti hiyo na anainyemelea. Kichwa cha dume kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Leso nyekundu inayochungulia mfukoni, soksi nyeupe kati ya suruali na kiatu, inatosha kumfanya mwenye hamu aone anachotaka kukiona. Watu wamepigwa risasi hivyo. Aliyefyatua hasemi alifyatua ovyo. Anasema alimwona ndege.

Hapo ndipo ninapoiangalia bunduki ya mabaka kwa jicho jingine. Ule mstari mweusi ulionyooka, ambao wauzaji wanasema unamshtua ndege, kwa binadamu mwenzako ni dalili ya wazi kwamba pale pana mtu. Msituni hakuna mti unaoota mtutu. Ukiufuta kwa ufundi wote, umepunguza kidogo hofu ya ndege, na huenda umeondoa alama ambayo ingemfanya mwenzako ateremshe silaha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani walimfikiria mwindaji wa Alabama, lakini methali imemkuta.

Kwa hiyo jibu langu, mimi ambaye ninamjua huyu ndege kwa kusoma na kuuliza tu: bunduki isiyong'aa, ndiyo. Picha ya majani, hiari yako, kama inakufurahisha. Kutulia, lazima. Lakini kanuni iliyonikaa kichwani kuliko zote ni ile wanayofundishwa wanaoanza. Kaa na mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako. Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu. Usiinyemelee sauti ya ndege. Na ukimwona mtu anakuja upande wako, usimpungie mkono, kwa maana mkono unaosogea kichakani ni kitu cha kupigwa risasi, wala usimwite kwa kipenga. Mwite kwa sauti kubwa ya kawaida ya binadamu. Ndege atakimbia, na asubuhi yote itakuwa imepotea. Acha ipotee.